Twyla na Bastola ya Risasi Tano

Wifi yangu Twyla ni dalali wa nyumba hapa mjini Lubbock. Kazi yake ni kumfungulia mtu asiyemjua nyumba tupu na kuingia naye mpaka vyumba vya kulala. Miaka mingi hakuona hatari yoyote. Kisha mteja mmoja, mwenye viatu safi na maneno matamu, akafunga mlango kwa ndani na kuuegemea huku akitabasamu. Hakumgusa. Jirani alibisha hodi kuuliza bei, na yule mtu akafungua akaenda zake. Tangu hapo Twyla hakutulia tena. Chakula alikiacha nusu, na usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu.

Kaka yangu akashauri anunue bastola, akaniomba mimi nimsindikize, maana wao wawili wangegombana dukani.

Muuzaji, Royce, alitandika kitambaa juu ya kaunta akaweka kibastola chepesi chenye mpini wa zambarau. Twyla alikipenda papo hapo. Royce akasema wanawake wengi hukipenda mpaka wakifyatue, akatupeleka nyuma ya duka, kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Alipofyatua risasi ya kwanza, bastola ilimrudi mkononi kama teke la punda. Tena vidole vyake vina baridi yabisi. Kuvuta ile sehemu ya juu ili risasi ipande kulimshinda kabisa.

"Ndogo ndiyo korofi, mama," Royce alisema. "Uzito ndio unaomeza teke."

Akampa kubwa. Hiyo ilimtii, lakini chini ya blauzi ilitokeza kama nyonga ya pili.

"Nikiinama kumwonyesha mtu jiko, hii itatangulia kumwamkia," Twyla akasema, nasi tukacheka.

Mwishowe alichukua ya chuma, ya risasi tano zinazokaa kwenye duara linalozunguka. Haina ile sehemu ya juu ya kuvuta. Royce alimkataza kuitupa mkobani pamoja na funguo na rangi ya mdomo. Akamuuzia ala ngumu ya kiunoni, akamsihi aje kufanya mazoezi kila wiki. Alikwenda bila kukosa.

Nilidhani sasa atapumua. Wapi! Kanisani alijigeuzageuza kwenye benchi. Kwenye nyama choma ya familia alikaa mgongo ukutani, akitazama mikono ya kila aliyeingia, hata ya binamu zetu.

Mwezi wa Agosti alikwenda kukagua nyumba iliyotwaliwa na benki, nje ya mji, nami nikamfuata. Tulipoingia tukasikia kitu kikikwaruza jikoni. Twyla akanisukuma nyuma yake. Jikoni alikuwako mzee mmoja amekalia ndoo, kopo la samaki miguuni. Alipotuona, mkono wake ulikwenda nyuma ya mkanda. Wa Twyla ulikuwa tayari chini ya blauzi.

"Mikono yako niione," Twyla alisema.

"Na wewe yako, mama."

Hakuna aliyesogea. Mzee akasema kwamba anaitwa Delmer Pruitt, kwamba hii ilikuwa nyumba yake, na paka wake amekataa kuhama. Nilimtazama Twyla usoni nikaona hayuko nami.

"Basi toeni mikono pamoja, mitupu," nikasema. "Nikihesabu tatu."

Nilihesabu, nao wakatoa. Paka wa kijivu akajitokeza chini ya kabati akaanza kula, hana habari na mtu.

Twyla alimruhusu mzee aje Jumamosi kwa ajili ya paka, ila apige simu kwanza. Kabla nyumba haijauzwa, Delmer alifanikiwa kumnasa paka na kumchukua. Twyla siku hizi haonyeshi nyumba peke yake. Huongozana na dalali mwenzake. Bastola bado anaivaa.

Niliwahi kumuuliza kama inampa amani. Akasema kwamba siku ile jikoni alikwisha kuchagua kifungo cha shati la mzee cha kulenga, cha pili kutoka juu.

"Nilikuwa nimetulia, wifi," aliniambia. "Miezi yote ile, ni hapo tu nilipotulia. Nikikumbuka hivyo, silali."