Mkono Wenye Deheni

Bamvua halina adabu. Idi huja na mwezi mwandamo, na bamvua, maji yanapokupwa hata mwamba ukaonekana, huja na mwezi huohuo. Ndiyo maana asubuhi ile, watu wa Timbwani wakipishana wamevaa kanzu mpya, Idarus alikuwa amelala chali topeni chini ya chombo cha Mzungu, akikwangua chaza kwenye rafadha, panga linalosukuma chombo.

Chombo kilikuwa cha tanga, ila kilitiwa injini, na rafadha yake haitoki majini mpaka bamvua. Bamvua lililopita Idarus alikuwa kitandani na homa. Sasa chaza na mwani vilikuwa vimeikaba rafadha pamoja na mtaimbo unaoizungusha, injini ikawa yanguruma bure, na mwenye chombo anasafiri keshokutwa.

Lakini Junda, ng'ambo ya pili ya feri, babake alikuwa barazani akingoja. Mzee Ghalib, fundi wa majahazi, hakupenda mwanawe aache ufundi wao akaoshe vyombo vya Wazungu. Idi iliyopita Idarus alikosa kufika kwa kazi hiihii. Safari hii mzee alituma maneno: "Asiponipa mkono wa Idi kabla ya adhuhuri, asiutafute tena."

Idarus akatazama jua, akatazama maji, akatazama jua tena. Aliogopa, na hasira zilimpanda hapohapo.

"Taratibu, utajikata," alisema Kahindi, mlinzi wa pwani. "Bahari haijarudi."

"Bahari haina baba Junda!"

Shaba ya rafadha ilipong'aa, akachota deheni, chokaa iliyopondwa na shahamu, kama alivyofunzwa na babake. Rangi ya dukani hubanduka rafadha ikizunguka. Deheni hung'ang'ania, na chaza hawaipendi. Akaipaka mbiombio. Haraka haraka haina baraka, alijua, lakini feri nayo haimngoji mtu.

"Shaba i maji hiyo."

Idarus aligeuka. Mzee Ghalib alikuwa amesimama topeni, kanzu kaipandisha magotini, viatu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Deheni haishiki penye maji. Pangusa yote, ukaushe kwa mwenge wa makuti, ndipo upake."

"Nikianza upya, adhuhuri itanikuta hapa."

"Adhuhuri si niliiweka mimi?" Mzee alikohoa. "Nimekaa barazani hata nikachoka. Nikasema, leo ni bamvua, mwanangu yu chini ya chombo. Mimi nawe, nani asiyejua bamvua?"

Machozi yalimlenga Idarus. Alitaka kumpa mkono, akaona ulivyojaa mafuta, akauficha nyuma.

"Ulete."

Mzee aliushika, akaukaza, wala hakuuachia upesi.

"Idi mubarak, baba."

Mzee alikitazama kiganja chake, akakinusa.

"Chokaa umezidisha," alisema, akaanza kuvua kanzu.