Jino la Tarumbeta

Nilijua Baba anaumwa siku nilipompa biskuti niliyoipaka dawa ya meno katikati, naye asinifukuze.

Naomba msomaji aupime uzito wa jambo hilo. Nyumbani kwetu mtoto akimfanyia Baba utundu kuna utaratibu maalumu: Baba hupiga ukelele, huvua ndala, hunikimbiza kuizunguka meza mpaka pumzi imwishie, kisha hucheka na kudai maji ya kunywa. Kwa hiyo nilikuwa nimeshakaa mkao wa kukimbia. Baba akaiuma ile biskuti kwa meno ya mbele, akafumba jicho moja, akashika mdomo, akatulia kimya kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Baba, linauma?"

"Nani kasema jino?"

"Mimi sijasema jino."

"Basi nenda kasome."

Hapo ndipo nilipohuzunika. Mzaha mzuri ulikuwa umepotea bure, na tarumbeta ya Baba ilikuwa hatarini.

Sisi ni watu wa ugenini. Baba aliitwa hapa kutengeneza lifti, Mama akamfuata, mimi nikaja mgongoni mwa Mama. Nilipokua nikapelekwa shule ya bweni ya wenyeji, nyumbani narudi mwisho wa wiki, na huko nikajifunza lugha yao yote, pamoja na ile ambayo walimu hawakukusudia kunifundisha. Baba, kwa upande wake, anajua lugha ya lifti tu: juu, chini, fungua, funga, na "subiri, fundi anakuja". Kwa maneno hayo ameishi na watu vizuri miaka yote, akaheshimika.

Lakini kila Jumapili Baba si fundi lifti. Ni mpiga tarumbeta wa bendi ya watu wa kwetu, wanaofanyia mazoezi kwenye karakana ya seremala, katikati ya milango isiyo na nyumba. Na mwaka huu bendi hiyo ilialikwa kupiga kwenye ufunguzi wa stesheni mpya ya treni, Jumamosi alasiri, mbele ya mji mzima. Haijapata kutokea. Wimbo ulianza kwa tarumbeta peke yake: sauti moja ya juu, ndefu, kabla ya ngoma kuingia. Sauti hiyo ni ya Baba. Na tarumbeta hupigwa kwa midomo, midomo hukaa juu ya meno ya mbele, na jino moja la mbele la Baba halikutaka kuguswa hata na biskuti.

Mnaweza kuuliza kwa nini asiende kwa daktari. Nyinyi hamjui mila za familia yetu. Sisi huku ugenini hatumfunulii mtu kinywa. Meno yetu huuma kwa ruhusa, husubiri likizo. Tukishuka kwetu, kabla hata shangazi hawajamaliza kutukumbatia, tunapangwa mstari kwa Daktari Koleo, ambaye jina lake halisi hakuna anayelikumbuka, na kila mtu anainuka na jino pungufu. Kwa hiyo Baba ana imani moja isiyotikisika: ukikikalia kile kiti, lazima uache kitu. Mwaka huu likizo ilisogezwa mbele, na jino halikuarifiwa.

Mama aliposikia habari za biskuti (nilizipeleka mimi, kwa uaminifu mkubwa), akatupangia miadi mimi na Baba Jumamosi ileile asubuhi.

"Huku watu wanakwenda kwa daktari wa meno wakiwa wazima," alimwambia Baba siku yenyewe ilipofika.

"Mzima anakwenda kufanya nini? Kumsalimia?"

"Anaangaliwa tu, Baba Nanii."

"Hata kuku huangaliwa kwanza."

"Sawa. Usipokwenda, leo alasiri utapuliza filimbi ya refa."

Baba akaenda kupiga mswaki. Usiku wa jana yake alikuwa ameshapiga, na alfajiri pia, kwa kuwa, alisema, huwezi kukaribisha mtu kwako hujafagia. Lazima niueleze mswaki wa Baba. Ni ule wenye nywele ngumu kuliko zote dukani, na yeye hausugui kama watu wengine. Anausugua kama anavyosugua kutu kwenye vyuma vya lifti, miguu imepanuliwa, kiwiko kinapanda na kushuka, kioo kinatikisika ukutani. Povu alilotema lilikuwa la rangi ya waridi.

Tukatoka, Baba amevaa suti ya bendi yenye vifungo vya shaba, kisanduku cha tarumbeta kwapani, maana tungepitiliza hadi stesheni. Mlangoni mwa kliniki akasimama.

"Wewe ndiye mkalimani wangu. Nakujua. Utasema ninachosema, bila kuongeza chumvi. Apa."

"Naapa."

"Apa kwa kitu unachokipenda."

"Naapa kwa likizo."

Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki, majarida, na meno ya mfano makubwa kama kiatu, yamekaa mezani yanacheka peke yao. Mama mmoja alikuwa anafuma. Mzee mmoja alikuwa anasinzia. Baba akatega sikio.

"Mbona hakuna anayelia?"

"Labda hakuna anayeumizwa."

"Hii si hospitali," alisema kwa mashaka. "Tuondoke."

Lakini tukaitwa. Daktari alikuwa dada mwenye viatu vya mpira na kibanio cha nywele cha njano, si mkubwa sana kuliko viranja wetu shuleni. Baba akakikalia kile kiti kama mtu anayekalia jiko. Kiti kikaanza kupanda chenyewe, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikamwona Baba amevutiwa: akainama kutazama mashine ya chini, akatikisa kichwa kwa heshima ya fundi kwa fundi. Kisha akaona vile vyuma vidogo vimepangwa kwenye sinia, heshima ikaisha.

"Karibu, mzee," daktari alisema kwa lugha yake. "Natazama tu."

"Anasema anatazama tu," nikatafsiri.

"Hata mwizi hutazama kwanza." Baba akaniashiria niiname, akaninong'oneza. "Mwambie ni hili gego la nyuma, la kulia. Limenitesa sana. Aling'oe tuagane kwa amani."

Gego lile nalifahamu. Ndilo linalofungulia chupa za soda nyumbani, Mama asipokuwepo. Ndilo linalovunja mifupa.

"Baba, hilo ni zima."

"Najua ni zima! Ndiyo maana nalitoa. Huyu lazima apate kitu, si ndiyo kazi yake? Akishapata cha nyuma, ataridhika, hatahangaika na mbele. Mwambie."

Mimi ni mtu niliyeshona mikono ya gauni la matroni, niliyefunga kengele ya bweni kwa soksi, niliyewahi kumshawishi kiranja kwamba Jumanne imefutwa. Lakini mbele ya hila hii nilivua kofia. Baba alikuwa analitoa jino zima kafara ili kulificha lile linalouma! Nikajikaza nisicheke. Nikafungua kinywa nitafsiri neno kwa neno, kama nilivyoapa, nione daktari atafanya nini. Burudani ya namna hiyo haiji mara mbili.

Ndipo nikaona mkono wake.

Mkono wa kulia wa Baba ulikuwa juu ya mkono wa kiti, na vidole vitatu vilikuwa vinabonyeza ngozi ya kiti, kimoja kimoja, taratibu. Alikuwa anapiga wimbo wa stesheni. Alikuwa anaupiga pale, kimyakimya, kama mtu anayeuaga. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, mahali hasa ambapo tarumbeta hukaa.

"Mzee anasemaje?" daktari akauliza.

Basi, kwa mara ya kwanza maishani, nikaongeza chumvi kwa faida ya umma.

"Anasema ung'oe gego la nyuma, la kulia," nikamwambia kwa lugha yake. "Lakini hilo ni zima. Linalouma ni la mbele. Analificha kwa sababu ni jino la tarumbeta, na leo alasiri anapiga stesheni, na kwetu ukikaa kwenye kiti hiki lazima ung'olewe kitu."

Sentensi ilikuwa ndefu mno kwa gego moja. Baba akanikazia macho.

"Umesema maneno mengi."

"Lugha yao ni ya mzunguko, Baba."

"Na mbona umeonyesha kisanduku?"

Daktari alikuwa ametugeuzia mgongo, anapanga vyuma ambavyo vilikuwa vimeshapangwa, na mabega yanatikisika. Alipogeuka, uso ulikuwa wa kazi tena. Akamwomba Baba afungue. Akagonga gego la kulia kwa mpini wa kioo: Baba kimya. Akagonga la kushoto: kimya. Akaja na kimrija kidogo, akapuliza hewa mbele, fyuu.

Miguu ya Baba ikaruka juu. Kiatu kimoja kikaenda kulala chini ya sinki.

"Hapo," daktari alisema.

"Kasema nini?" Baba akauliza, mdomo wazi.

"Kasema hapo."

"Nimekwisha."

Daktari akainamisha taa, akatazama, akalisukuma jino kwa ncha ya kidole, akapiga picha yake, akaitazama kwenye skrini, akatazama tena. Baba alikuwa amefumba macho na vidole vimesimama. Kisha daktari akauliza swali ambalo sikulitarajia: mzee anatumia mswaki gani?

Sikumtafsiria Baba, nikaonyesha. Nilipanua miguu, nikashika mswaki wa hewani, nikausugua kama Baba, kiwiko juu, kiwiko chini. Safari hii daktari hakugeuka. Alicheka mpaka kibanio kikalegea.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jino halikuwa na kosa. Halikuwa na tundu, halikulegea, mizizi yake ilikuwa imara kuliko ya mchongoma. Lakini Baba alikuwa amelisugua, na kulisugua, mpaka ufizi ukaona bora uhame. Shingo ya jino ilikuwa wazi, haina nguo, na kila kilichopita kililigusa lilipo tupu: maji, upepo, shaba, biskuti. Dawa yake ni kulipaka kifuniko mahali pale, kutoa ukoko nyuma ya meno, na kununua mswaki laini unaoshikwa kama kalamu. Kung'oa? Akauliza, ang'oe nini?

"Anasemaje?" Sauti ya Baba ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia. "Niambie tu, mwanangu."

Hapa nilikuwa na Baba mzima mkononi, na mzaha mkubwa kuliko yote ya maisha yangu ulikuwa umelala mlangoni, mnene, unasubiri kuokotwa. Nikauruka.

"Jino ni zima, Baba. Linafunikwa tu. Halitoki. Hakuna linalotoka."

"Usiniongezee chumvi."

"Haina hata chembe."

"Apa."

"Naapa kwa likizo, na kwa soda zote."

Baba akafumbua macho. Akamtazama daktari, akatafuta katika hazina yake yote ya lugha ya wenyeji, akapata neno.

"Juu?" akasema, akimwonyesha jino.

"Juu," daktari akajibu, akitikisa kichwa kwa nguvu. "Juu, juu."

Wakaelewana kabisa. Daktari akamsafisha, akampaka, akakausha kwa taa ya buluu, kisha yeye mwenyewe akakionyeshea kidole kisanduku. Tujaribu. Baba akaitoa tarumbeta, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka mdomoni kama mtu anayeonja chai ya moto. Akapuliza kidogo. Akangoja maumivu. Hayakuja. Akavuta pumzi mpaka vifungo vya shaba vikalalamika, akaiachia ile sauti ya juu, ndefu, pale pale kwenye kiti. Vyuma vikalia kwenye sinia. Huko nje yule mzee aliyekuwa anasinzia akasema "Eeh!", na mama wa kufuma akapiga makofi. Mimi nilikuwa narukaruka, nakanyaga kiatu cha Baba.

"Safi," daktari alisema, akinitazama. "Sasa wewe."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba miadi ilikuwa ya wawili.

Sitaki kurefusha sehemu hii. Tundu lilikuwa kwenye gego la kushoto, na daktari akauliza kama shuleni kwetu kuna peremende chini ya magodoro. Nikapigwa ganzi, nikajazwa pamba. Baba akasimama kando, mikono kifuani, amejawa na amani ya Mungu.

"Usijali," akaniambia. "Leo mkalimani ni mimi." Akamgeukia daktari, akasema kwa ufasaha wote alionao: "Fungua. Subiri, fundi anakuja." Kisha akaniinamia. "Anasema yatoke yote."

Daktari hakuwa amesema kitu. Nilijua hivyo vizuri, mimi ndiye mwenye lugha. Lakini mwenye lugha alikuwa na pamba mdomoni, akabaki kusema "mmm" kama ng'ombe.

Stesheni ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi. Mama alikuwa ametushikia nafasi karibu na nguzo. Bendi ikasimama, maneno marefu ya wakubwa yakaisha, pakawa kimya, na Baba akainua tarumbeta. Sauti ikapanda. Ikagonga vioo vya paa, ikarudi, ikakutana na nyingine inayopanda, na watu wenye mizigo wakasimama walipokuwa. Aliishika muda mrefu kuliko mazoezini, kwa makusudi, naona, kwa kuringa tu. Ngoma zikaingia. Mama alikuwa analia na kucheka. Nikatia vidole viwili kinywani nipige mbinja yangu, ile inayoamsha bweni zima, na kilichotoka ni mate, yakatua begani kwa Mama.

Baada ya wimbo Baba akatufuata pale nguzoni, amelowa jasho, jino linang'aa. Akatia mkono kwenye mfuko wa suti.

"Chukua, mama. Umefanya kazi nzuri."

Ilikuwa biskuti, ya krimu nyeupe katikati.

Nikaitazama. Nikaitazama sura yake, imetulia kama ya shemasi. Nusu ya mdomo wangu ilikuwa bado imekufa, haijui tamu wala chungu. Nikaiuma kwa upande ule ule, nikatafuna, nikamshukuru kwa adabu. Kisha nikaisogeza kwa ulimi kwenye upande wenye uhai.

Baba alikuwa ameshaanza kukimbia, tarumbeta juu, akiizunguka nguzo.