Mpira Kwenye Mpini

Shemeji yangu alinichosha tangu siku aliyoletwa kufanya kazi chini yangu. Mimi ni mkuu wa bustani ya shule, mwaka wa kumi na tisa huu, na yeye ni kaka wa mke wangu. Kumfukuza sikuweza, kumvumilia sikuweza. Ni mjuaji yule. Ukimkabidhi reki, anakusomesha habari za reki.

Jumatatu nikakuta amefunga kipande cha mpira wa baiskeli kwenye mpini wa mashine ya kukatia nyasi. Mpini ule una chuma cha kubana kwa vidole. Ukikiachia, injini inazimika na kisu kinasimama. Kimewekwa kwa ajili hiyo tu. Ila mashine yetu ni kuukuu, kuiwasha ni kuvuta kamba mpaka bega lilegee, basi bwana mkubwa akaona akibane chuma kwa mpira ili isizimike kabisa.

Nikaukata ule mpira mbele yake.

"Shemeji, unanitakia nini?" akauliza.

"Nataka urudi nyumbani na vidole vyako."

"Vidole vyangu vinakuhusu nini? Wewe si bosi wa nyasi?"

Wenzetu wawili wakacheka. Nami nikacheka, huku moyoni nachemka.

Jumanne akafunga tena, nikakata. Jumatano akafunga mipira miwili, nikaikata yote. Jioni ile akapita kwangu kumweleza dada yake kwamba namwonea, namtafutia sababu afukuzwe. Mke wangu alinipakulia chakula, sahani akaitua kwa kishindo.

"Yule ni ndugu yangu," akasema. "Mwache afanye kazi yake."

Nikaapa kumwacha. Sikio la kufa halisikii dawa, nami nilikuwa nimechoka kuwa mganga.

Alhamisi tuliamkia nyasi zilizolowa mvua. Nilimwona akitoa mashine, mpira umekazwa vizuri, na akahakikisha nimeuona. Nikaketi kwenye ngazi ya stoo nikinoa mkasi wa maua. Haukupita muda, nyasi mbichi zikaziba ule mdomo wa pembeni zinakotokea. Akaachia mpini. Injini ikaendelea kunguruma. Akazunguka upande, akachuchumaa.

Hapa nitasema kweli, maana sijaisema popote. Kati yetu zilikuwa hatua kumi. Nilimwona akikunja mkono wa shati, kisha nikauona mkono wake wa kulia ukienda kwenye ule mdomo. Nafasi ya kupiga kelele nilikuwa nayo, hata mara mbili. Nikawaza, leo atajifunza. Nilifurahi kuwaza hivyo. Nilipofumbua kinywa, yeye alikuwa ameshapiga ukelele.

Nilimfunga mkono kwa shati langu, tukampakia kwenye gari la mwalimu mkuu. Njia nzima aliniegemea, akiniuliza kama vidole vipo. Nikamwambia vipo.

Hospitalini daktari alitueleza kwamba vinne vimekwenda, kimebaki kidole gumba. Mke wangu alikuwa kwenye benchi, kanga ameivaa nje ndani. Nilijua atanirukia, na nilishapanga majibu yangu yote. Wiki nzima nimemwonya. Mipira minne nimekata. Mashahidi ninao.

Hakunirukia. Alinishika kiwiko.

"Nisamehe, mume wangu," akasema. "Wewe ulimkataza. Mimi ndiye niliyekuambia umwache."

"Usijilaumu," nikasema.

"Ulikuwa wapi jambo hilo lilipotokea?"

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa wazi kidogo. Ndani, shemeji alikuwa akimwomba muuguzi maji.

"Ndani ya stoo," nikasema. "Sikuona kitu."

Akaniamini. Akaegemeza kichwa begani kwangu, akaanza kulia.