Kizimba Kilichokuwa Kisima

"Minyororo gani, Mama? Mbele ya Bibi! Hukuona haya?"

"Punguza sauti. Kundi la pili liko mlangoni."

"Na wasikie! Si ndio wa kulizwa hao?"

Mama alifunga mlango wa kibanda cha tiketi. Kwa miaka tisa alikuwa akiongoza wageni kwenye magofu yale juu ya jabali, na hakuna aliyewahi kumkalia kooni namna hii, sembuse binti wa kumzaa mwenyewe.

Leo binti alikuwa amemleta Bibi, mama yake Mama, kwa mara ya kwanza. Bibi alipanda ngazi zote za mawe akitweta. Akaitazama bahari ya kijani kule chini, akalitazama shimo la duara katikati ya magofu, akamsikia mwanawe akieleza kwamba humo walifungiwa mateka, na kwamba vile vijifereji kwenye ukingo vilichimbwa na minyororo yao. Wageni wakatoa leso. Bibi akapitisha kidole kwenye kijifereji kimoja, kisha akaenda kukaa kwenye benchi.

"Kwani amesema nini?" Mama akauliza.

"Amesema hizo ni kamba. Walichota maji hapo kabla ya mabomba kufika. Eti kijifereji cha upande wa bahari ni chao, yeye na dada zake. Halafu akaniuliza, 'Hayo ya minyororo mama yako aliyasoma chuoni?'"

Chuoni Mama alisoma, diploma ile pale ukutani, na alijua fika kuwa lile lilikuwa kisima. Ni yeye, mwaka wake wa kwanza kazini, aliyemtajia fundi wa mabango maneno ya bango la kisima kwa simu, upepo ukivuma. Fundi akasikia lake. Bango likaja limeandikwa KIZIMBA.

"Kizimba cha nini?" mkuu wa makumbusho akauliza.

Badala ya kusema tumekosea, Mama akaogopa kuonekana mzembe. "Cha mateka," akajibu.

Basi. Uongo ukala chumvi. Minyororo ilizuka mwaka wa tatu, kilio cha kichanga mwaka wa tano.

"Nitarekebisha," alisema. "Msimu wa wageni ukiisha."

"Bibi hakuuliza habari za msimu."

Dirishani Mama alimwona mama yake amekipa kisima mgongo, fimbo mapajani, kama mtu aliyefukuzwa kwake. Uso ukamwaka moto. Kuambiwa mwongo angevumilia. Lakini mama yake alikuwa bado anadhani ni chuo kilichokosea.

Akanyakua kisu na kopo la rangi nyeupe.

"Mama, na hilo kundi?"

"Lije. Lione."

Mbele ya wageni wote akapiga goti kwenye bango, akakwangua Z, akakwangua B. S yake ikatoka imepinda kama mkia wa nge.

"Hiki ni kisima," alisema, macho bado kwenye rangi. "Hakuna mtu aliyefungwa humu. Ni mimi niliyetunga, miaka tisa. Anayekijua ni yule pale."

Bibi akageuza shingo, akasoma polepole. "Hiyo herufi imelewa," alisema.

Mama hakuweza kucheka. Akaenda hadi kwenye benchi, akavua beji yake ya kazi, akambandika Bibi kifuani. "Nisamehe, Mama. Waeleze wewe."

Kisha akaenda kusimama nyuma kabisa ya wageni, akasikiliza.