Alichokunywa Ña Fermina

Mimi ndiye niliyepiga marufuku terere, kinywaji chetu cha majani yaliyolowekwa kwa maji ya barafu, ndani ya zahanati yetu ya Potrero Ybaté, na sikujuta hata kidogo. Watu walikuwa wakimwaga majani kwenye sinki na kupokezana pembe moja ya kunywea na mrija mmoja wa chuma, mwenye kikohozi na asiye nacho. Mimi ni nesi, si mhudumu wa kijiwe. Nikawatoa nje wote, na chupa zao za maji ya barafu.

Siku ile nilikuwa na hasira zaidi kwa ajili ya Ña, yaani Bi, Fermina. Bibi huyu wa miaka sabini na mmoja alikuwa ameanguka mara tatu mwezi huo. Zamani presha yake ilikuwa ya kupanda. Sasa kila tukimpima iko chini, na asubuhi hiyo ilikuwa tisini kwa hamsini. Daktari Ovelar alishampunguzia vidonge, bado anaanguka. Akaona basi, huu ni moyo, apelekwe mji mkuu, Asunción, akawekewe kifaa cha kusaidia mapigo. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani. Ña Fermina alituambia wazi kwamba akienda huko harudi, na kuku wake ameshamgawia jirani. Aliyasema bila kulia, na hilo ndilo lililoniuma.

"Bibi, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?" daktari alimuuliza kwa mara ya mwisho, kalamu mkononi.

"Hakuna, daktari."

Nilipotoka baadaye kuangalia gari, nikamkuta kwenye benchi la nje, shoga yake Ña Deolinda akimmiminia terere.

"Hata leo?" nikafoka.

"Njoo hapa, Lorenza," akasema Ña Fermina. "Mtu anayeagwa hafokewi."

Nikaketi, nikapokea pembe. Kuikataa saa kama ile ni kumtukana mtu. Nikavuta. Lo! Ilikuwa chungu mpaka machozi yakanitoka.

"Mmeweka nini humu?"

"Majani ya presha," Ña Deolinda akajibu kwa maringo. "Namtwangia mwenyewe, kila siku asubuhi. Tangu Pasaka. Akianza kuona kizunguzungu, namzidishia."

"Namzidishia!" Nikaiweka pembe chini. "Ña Fermina, umeulizwa mara ngapi kama unatumia dawa nyingine? Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Nani kaficha?" Alikasirika kweli. "Dawa ni ile anayoandika daktari. Hii ni terere. Wewe ukiulizwa habari za dawa, unataja maji ya kunywa?"

Nilikimbia ndani nikamvuta daktari kwa mkono wa koti hadi kwenye benchi. Alisikiliza, akanusa majani kwenye kinu kidogo cha Ña Deolinda, kisha akaanza kucheka huku akijipangusa jasho.

"Bibi yangu, unashushwa presha na watu wawili, na hakuna anayejua kuwa mwenzake yupo!"

"Kwa hiyo siendi?"

"Tuache kwanza majani haya tuone. Terere endelea, ila weka mnanaa tu. Na kila siku uje tukupime."

Dereva wa gari la wagonjwa alipofika akapewa pembe moja, akaondoka bila mgonjwa. Ña Deolinda alinuna wiki nzima.

Siku ya kumi na mbili nilimpima Ña Fermina nikapata mia na thelathini kwa themanini. Hakuwa ameanguka tena hata mara moja. Sikuamini, nikampima mkono wa pili, ikawa vilevile. Mimi na mdomo wangu huu mkali nikalia mbele ya wagonjwa, nikajisikia mwepesi kama niliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Lakini Ña," nikamwambia, "miezi yote hiyo! Kwa nini hukutusimulia, hata juu juu?"

Akanitazama kwa huruma.

"Ningesimuliaje, mwanangu? Mlikuwa mnaniuliza mmesimama."

Nikajitazama. Hata wakati ule nilikuwa nimesimama.