Foleni ya Jina Moja

"Ni mtandao," alisema mkuu wa chuo, kama alivyosema wiki nzima. "Masomo yasipopakulika, hao wasioona watafanya mtihani mwakani. Wenyewe wana subira."

Fundi wa kompyuta alisikia damu ikimchemka. Yeye mwenyewe haoni tangu utotoni, na kama kuna sifa iliyomchosha duniani, ni hiyo ya subira. Isitoshe, mdogo wake alikuwa miongoni mwa hao wa mwakani, na mtihani ulikuwa Jumatatu.

"Mtandao usisingiziwe, mkuu," alisema. "Niachie leo."

Akavaa vipokea sauti, akaingia kwenye seva kwa jina lake, akapakua somo la historia lililorekodiwa. Likaja chap. Akaingia kwa jina la wanafunzi. Wapi! Kompyuta ikamsomea "asilimia sifuri, asilimia sifuri" mpaka akatamani kuizaba kofi.

Akapaza sauti kuelekea chumba cha pili, walikokuwa wanafunzi. "Jamani, tokeni wote kwenye masomo! Abaki mdogo wangu tu."

"Limeshuka!" mdogo wake akajibu papo hapo. "Dada, umeliroga?"

Hakuroga kitu. Aliifungua skripti, ile programu fupi ya kupakulia masomo, akaisikiliza mstari kwa mstari. Aliyeiandika hakuwa mjinga: ililifunga jina la msomaji mpaka atoke kwenye somo, ili ikumbuke alipoishia kusikiliza. Kila mwalimu alikuwa na jina lake. Wanafunzi, darasa zima, walikuwa wameandikishwa kwa jina moja: Wasioona. Basi mmoja akipakua, wenzake wote wanaganda mlangoni.

Akamwita mkuu, akamweleza.

"Majina tofauti ya kazi gani?" mkuu akashangaa. "Si kundi moja tu hao? Ondoa hilo kufuli, yaishe."

"Nikiliondoa watavurugiana. Huyu ataishia katikati ya somo, yule atalianza upya, na kompyuta itadhani ni mtu mmoja. Kufuli halina kosa. Kosa ni kuwafungasha watu kwenye jina moja kama viazi guniani."

"Sijatoa ruhusa."

"Wala sijaomba."

Akalifuta jina la Wasioona mkuu akiwa amesimama hapo hapo, na roho yake ikasuuzika kwelikweli. Kisha akawaita wanafunzi. Waliingia wakisukumana na kutaniana, kila mmoja akachapa jina alilojichagulia, wakarudi kwenye kompyuta zao.

Masomo yakaanza kushuka kwa wote kwa mpigo. Chumba cha pili kikajaa vicheko. Mkuu akainamia skrini.

"Na huyu aliyejiita hivi ni nani?"

"Nisomee, mkuu. Mimi sioni."

Mkuu akakohoa. Akasoma kwa sauti, "Sisubiri."

"Naam!" mdogo wa fundi akaitika kutoka chumba cha pili. "Nani ananiita?"