Saba kwa Moja

"Saba kwa moja," daktari alisema, akigonga karatasi ya majibu ya damu kwa kalamu.

"Mungu ni mwema!" nikasema, tena kwa sauti, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akafumbua macho.

Daktari alinitazama kama mtu aliyesikia vigelegele msibani.

Ilikuwa siku ya tatu tangu kiharusi kimwangushe mume wangu bafuni, kikamlemaza upande wa kulia na kumfunga ulimi. Siku iliyotangulia, wifi yangu aliuliza kama kaka yake atasema tena. Daktari akajibu kwamba wanahesabu chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Hesabu hiyo huashiria kidogo mgonjwa anaelekea wapi. Ilikuwa tano kwa moja.

Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na miezi mitano ya darasa la jioni. Uwiano tulikuwa tumeufikia wiki hiyohiyo, na mwalimu wetu, mpenda mpira, aliufundisha kwa mabao. Basi nikaelewa: askari watano, adui mmoja. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamsihi Mungu aongeze askari. Wakaongezeka wawili.

"Mama, hapo hakuna adui," daktari akasema taratibu. "Wote ni askari. Hawa saba ni wakali, hukimbilia moto. Yule mmoja ni mtulivu. Wakali wakizidi hivi huumiza hata ubongo wenyewe. Tulitaka ishuke."

Wifi akanigeukia. "Kumbe tangu jana ulikuwa unaomba nini, wifi?"

Alitania, nadhani. Nilimgeukia daktari.

"Sasa niombe ishuke?"

"Omba, mama. Ila namba ni dalili, si hukumu."

Ilishuka. Wiki ya pili ilikuwa mbili kwa moja, na baada ya mwezi alitembea kwa mkongojo. Ulimi haukufunguka.

Sasa ni miaka minne. Wifi haji sana. Tunaketi sebuleni, redio imezimwa kwa kuwa kelele humkera, nami naomba kwa kunong'ona, bila kutaja haja yoyote. Naogopa kukosea tena. Juzi alinyoosha mkono wake mzima, akaweka vidole juu ya midomo yangu inayocheza, akaviacha hapo. Sijui alitaka ninyamaze, au alikuwa anasikiliza.

Nikaendelea, polepole zaidi.